Zaina Alivyoninyima Kitanda Korogwe

Vijana wangu mnaoajiriwa sasa kusimamia wodi, thieta na foleni za wagonjwa, chuoni mmefundishwa kupanga zamu, kuandika ratiba na kuagiza dawa kabla hazijaisha. Wivu hamkufundishwa. Nitawafundisha mimi, maana nimeishi nao kazini kwa miaka mingi, na nilipostaafu ndicho kitu pekee nilichoondoka nacho ambacho mtu wa stoo hakunidai saini.

Nilikuwa katibu wa afya wa hospitali moja pale Handeni. Katibu wa afya si daktari. Hachomi sindano wala hashiki kisu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mgonjwa, daktari, shuka safi, maji, umeme na mtu wa kusukuma machela vinakutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Vikikutana, watu humshukuru daktari. Visipokutana, watu huuliza katibu yuko wapi.

Na sisi tulifanya kila kitu. Mtoto wa degedege, mama wa uchungu pingamizi, mfugaji aliyekanyagwa na ng'ombe, mkulima aliyeumwa na nyoka kwenye michungwa yake, kijana wa bodaboda aliyegongana na mwenzake mchana kweupe, wote walikuja kwetu, na chumba cha upasuaji kilikuwa kimoja. Nilijivunia jambo hilo. Nilizoea kuwaambia wageni kwamba kwetu haulizwi mtu unaumwa nini kabla ya kufunguliwa mlango.

Zaina alikuja kwetu akiwa muuguzi wa thieta, binti mwembamba wa Kisambaa, sauti yake ndogo, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Nilimpenda kwa sababu alisikiliza. Nikamfundisha ujanja wangu wa kwanza, na ninyi ushikeni: operesheni ikichelewa, usimuulize mtu sababu. Watu watakupa sababu nzuri. Wewe mfuate mgonjwa kwa miguu yako.

Siku moja tulimfuata mzee mmoja mwenye busha kutoka kitandani hadi thieta. Alisubiri shuka, maana zilikuwa kambani. Akasubiri machela, maana ilikuwa imeazimwa jikoni kubeba magunia ya unga. Kisha akasubiri ufunguo, ambao ulikuwa mfukoni mwa muuguzi aliyekwenda kunywa chai. Operesheni yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kuutafuta ufunguo. Zaina aliandika yote katika daftari dogo, na mimi nikasimama pembeni nikijiona mwalimu. Ndiyo maana nawaambia: kijicho kinachouma kuliko vyote ni kile unachomwonea mtu uliyempa kalamu wewe mwenyewe.

Baada ya mwaka hivi, alisimama kwenye kikao cha asubuhi.

"Mzee, naomba tutenge siku moja ya ngiri na mabusha tu," alisema. "Hawa wagonjwa si wa dharura, kwa hiyo kila siku wanasukumwa nyuma. Wanafunga kula tangu jana yake, halafu wanarudishwa nyumbani."

Mimi nikajibu mbele ya wote, "Zaina, hospitali si gulio la Chanika hata iwe na siku yake. Au huko kwenu milimani hata magonjwa mnayapanda kwa matuta?"

Watu walicheka sana. Mzigua akimtania Msambaa, kicheko hakina deni. Zaina naye alicheka, akafunga daftari lake. Miezi michache baadaye akaaga. Alikuwa amepata kazi Korogwe, kusimamia kituo kidogo kilichokuwa kinafunguliwa, kitakachofanya ngiri na mabusha, basi. Nilimpa mkono nikamwambia, "Utachoka. Mtu hawezi kupika wali kila siku bila mboga." Nilidhani nimesema neno la hekima.

Basi, sifa zikaanza kuja, tena kwa njia ya barabara. Kinyozi wangu alikuwa wa kwanza. "Mjomba wangu amekwenda kwa Zaina," alisema huku wembe uko shingoni mwangu. "Kaingia asubuhi, jioni kesha kula, wiki ya pili yuko shambani." Kisha jirani. Kisha shemeji yangu. Na angalieni walivyosema: hawakusema hospitali ya Korogwe, walisema kwa Zaina, kama vile alikuwa na duka. Nimefanya kazi Handeni hadi mvi zimejaa, sijawahi kusikia mtu akisema anakwenda kwa Mhina, yaani kwangu.

Wivu ulinipeleka hadi Korogwe kupeleleza. Nilimwambia mke wangu nakwenda kumwona fundi wa viti. Nikakaa kwa mama lishe aliye ng'ambo ya barabara kutoka kituo cha Zaina, kofia nimeishusha machoni, chai mbele yangu, nikihesabu wanaoingia na wanaotoka.

Mama lishe alinitazama, akanitazama tena, kisha akainama sikioni.

"Baba, usione haya. Wengi wenye mabusha hujificha hapa kwangu kwanza, wakishamaliza chai ndipo wanavuka."

"Mimi sina busha."

"Wote husema hivyo," alisema, akaniongezea chapati.

Niliwahesabu wale watu hadi nikakosa hamu ya kula. Wanaume waliingia kwa miguu yao na kutoka kwa miguu yao, polepole, wamevaa kikoi, lakini kwa miguu yao. Machela haikuonekana. Kisha Zaina mwenyewe akatoka kumsindikiza mzee mmoja, akaniona chini ya ile kofia.

"Shikamoo Mzee Mhina! Mbona umekaa nje kama mgeni?"

Nikalazimika kuvuka. Akanitembeza. Sinia za vyombo zilikuwa zote za namna moja, kila mkasi na mahali pake, zimefungwa kwa kitambaa cha kijani, zimepangwa kama mikate. Nilichungulia kwenye kioo cha thieta. Muuguzi alimpa daktari chombo kabla hajakiomba, na daktari alinyoosha mkono bila kuangalia, kama mama anayemenya muhogo huku anazungumza na jirani. Hapakuwa na mtu anayekimbia, wala aliyekuwa akiuliza ufunguo uko wapi. Kazi ileile, mikono ileile, jana na leo na kesho.

"Pazuri," nilisema. Neno hilo lilinikwama kama mwiba wa samaki.

Sasa nisikilizeni na mimi, maana nilikuwa na hoja yangu. Kila baada ya muda alikuja Handeni mgonjwa na barua ya rufaa kutoka kwa Zaina: mgonjwa huyu ana sukari, mgonjwa huyu ana presha, hafai kupasuliwa kwetu, tafadhali mpokeeni. Nilikuwa nazisoma barua hizo kwa sauti wakati wa chai. "Mwenzetu anachagua mchele," nilisema, "mawe anatuletea sisi. Halafu anasifiwa kwamba wali wake hauna mawe!" Wenzangu waligonga meza. Hadi leo nasema haukuwa uongo. Mkiona kituo kinachofanya kazi moja kwa ufanisi, ulizeni pia ni nani waliokataliwa mlangoni, na wamekwenda wapi. Lakini mtu anaweza kusema kweli kwa roho mbaya, na mimi niliisema hivyo.

Kisha Mungu akanipa ngiri.

Niliipata kwa upumbavu. Vijana wawili walikuwa wanasumbuka kushusha mtungi wa oksijeni kwenye gari, nikawaambia wasogee niwaonyeshe watu wa zamani walivyofanya. Niliunyanyua. Nikasikia kitu kimefunguka kinenani. Niliushusha mtungi nikitabasamu, nikaenda ofisini kwangu, nikafunga mlango, nikalia kidogo. Kwa wiki kadhaa nilitembea mkono mfukoni. Mke wangu akasema, "Baba Asha, mbona unatembea kama umebeba yai?"

Daktari Mbwambo, mpasuaji wetu, alinipima akatikisa kichwa. "Hii ikinaswa, utumbo unakufa humo ndani. Nenda Korogwe wiki hii."

"Nitapasuliwa hapahapa."

"Hapa ratiba unaijua, Mzee. Umeiandika wewe."

Nikajiandika. Jina langu likakaa chini ya ratiba, mahali ambapo ngiri hukaa. Mara ya kwanza nilifunga kula, nikavaa gauni la kijani, nikalala kitandani wodi ya wanaume. Akaletwa mama ambaye mtoto wake alikuwa amekwama. Ahirisho. Ni haki kabisa, nani atabishana? Mara ya pili waliletwa vijana wawili wa bodaboda. Ahirisho. Mara ya tatu nikiwa nimelala pale, kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mkulima wa Sindeni, Mzee Sekiteke, mtu wa makamo yangu, mwenye ngiri kubwa kuliko yangu. Hakunijua. Ukivaa gauni lile lililofungwa mgongoni, cheo chote hubaki na suruali.

"Wewe mara ya ngapi?" akaniuliza.

"Ya tatu."

"Bado mgeni. Mimi ya tano. Ramadhani haijafika na mimi nimeshafunga yangu." Akageuka kwa shida, akishika kinena. "Hivi, ndugu yangu, hii hospitali ina mwenyewe?"

"Anaye."

"Unamjua?"

"Kidogo."

"Basi huyo hajawahi kulala hapa na njaa akinusa ubwabwa wa wenzake."

Kabla sijafungua mdomo, muuguzi aliingia, mikono kifuani, sura ya pole. "Wazee wangu, tusameheane, thieta imeingiliwa. Mzee Katibu, na wewe utusamehe, tumejitahidi."

Mzee Sekiteke alinigeukia.

"Kumbe mwenyewe ni wewe."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alikusanya kikoi chake na chupa yake ya chai, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Basi nikuulize kwa kuwa wewe ndiye mwenyewe. Mvua ziko karibu. Nikishika jembe hivi, inaninasa, nakufa. Nisiposhika, watoto hawali. Nirudi tena hapa, au nisirudi?"

"Rudi," nilisema. "Nipe wiki tatu."

Nilisema wiki tatu kama mtu anayejua. Sikujua lolote. Na sitawadanganya, vijana wangu: jambo la kwanza nililofanya baada ya ahadi hiyo halikuwa la Mzee Sekiteke. Kesho yake nilipanda basi la Korogwe kwenda kujiokoa mwenyewe.

Zaina alinipokea kwa shikamoo, akanikalisha, akanifunga mkanda wa presha mkononi. Akapima. Akangoja. Akapima tena.

"Mzee, imepanda sana."

"Ni safari. Barabara."

"Barabara ni ya lami, Mzee."

Akavuta karatasi, akachukua kalamu kutoka kwenye nywele. Niliujua mwandiko ule hata kabla haujaandikwa. Mgonjwa huyu ana presha, hafai kupasuliwa kwetu, tafadhali mpokeeni.

"Zaina, ni mimi. Mimi niliyekufundisha."

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa hiyo ni kweli! Unachagua mchele! Mawe unatupa sisi!" Nilipaza sauti hadi wagonjwa kwenye benchi wakageuka.

Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Nachagua," alisema. "Hapa sina damu ya kuongeza. Nina mtaalamu mmoja wa usingizi. Nikimpokea asiyefaa nitaua mtu, kisha tutafungiwa, na hawa wote kwenye benchi watakosa pa kwenda. Ninyi mna damu, mna madaktari, mnaweza kupokea kila mtu. Mimi siwezi, ndiyo maana nakutegemea. Unadhani naandika zile barua kwa raha? Naziandika kwa sababu najua Handeni haimkatai mtu." Akaikunja ile barua, akanipa. "Ila na ninyi mngekuwa na kona yenu kama hii, ndani kwenu. Nilishasema."

"Ulisema siku."

"Nilikosea. Siku itanyang'anywa na dharura ya kwanza. Tenga chumba, hata kidogo. Kiwe na watu wake na vyombo vyake, na wasiazimwe. Na ufunguo usikae kwako."

"Kwa nini usikae kwangu?"

"Wewe una huruma, Mzee. Ukiombwa utaufungua."

Nilirudi Handeni na barua mfukoni, nimekaa dirishani, nikiona mkonge unapita mistari kwa mistari. Nilikuwa na hasira zote za dunia, na katikati ya hasira hizo lilinichoma neno moja. Nilikosea. Alilisema kama mtu anayeomba chumvi. Mimi katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kulitamka kwenye kikao.

Kulikuwa na chumba nyuma ya thieta tulichokijaza vitanda vibovu. Nilikifungua siku iliyofuata. Nikaviondoa vitanda, nikapaka rangi, nikaomba taa, nikagawa vyombo nusu kwa nusu, huku wapasuaji wakinung'unika kwamba nawapunguzia. Nikachagua tabibu mmoja na wauguzi wawili, nikawaambia kazi yenu ni ngiri na mabusha, asubuhi hadi mchana, msijue kingine. Ufunguo nikampa Sista Pendo, ambaye hospitali nzima ilimwogopa, na mimi nikiwamo.

Kwenye kikao nilieleza mpango huo kwa ufasaha. Siku haitoshi, nilisema, siku itanyang'anywa. Watu wasiazimwe. Ufunguo ukae kwa asiyeombeka. Nilieleza mwanzo hadi mwisho na jina la Zaina halikupita mdomoni mwangu. Walipiga makofi. Daktari Mbwambo akasema, "Mzee umezaliwa upya."

Mzee Sekiteke alirudi wiki ya tatu, kama nilivyomwambia. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na udongo wa Sindeni ulikuwa kwenye viatu vyake. Alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya chumba kile. Asubuhi hiyohiyo ikaja dharura, na thieta kubwa ikapungukiwa muuguzi. Wakanifuata. Nikaenda mwenyewe kwa Sista Pendo kumwomba amtoe muuguzi mmoja kwa saa moja tu.

"Hapana," alisema.

"Sista, ni mimi."

"Ndiyo nakuona."

Thieta kubwa ikamwita muuguzi aliyekuwa mapumziko, akaja, mgonjwa wa dharura akapona. Na Mzee Sekiteke akapasuliwa kwa zamu yake. Saa sita mchana nilimkuta ameegemea mto, anakunywa uji. Akaniangalia, akasema tu, "Mwenyewe," kisha akarudi kwenye uji wake. Sijawahi kupewa cheo kizuri kuliko hicho. Mimi nilisubiri zaidi ya mwezi, vidonge na chakula bila chumvi, hadi presha ikashuka, ndipo wakanifanyia katika chumba hichohicho. Mkikuta hospitali kubwa imeelemewa, msiikate iwe ndogo. Tafuteni ndani yake kazi ile inayosukumwa nyuma kila siku kwa sababu haipigi kelele, muijengee ukuta.

Habari zilienea. Mwaka wangu wa mwisho kazini, makatibu wenzangu wa mkoa waliletwa kujifunza. Walikaa ukumbini wakiandika. Watu wa Korogwe nao walialikwa, na Zaina alikuwa mstari wa nyuma, kalamu kwenye nywele. Nilizungumza kuhusu chumba, kuhusu watu wasioazimwa, kuhusu ufunguo. Nilipomaliza, kijana mmoja akasimama.

"Mzee, wazo hili ulilipata wapi?"

Nilimwona Zaina. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani, akisikiliza.

"Uzoefu," nilijibu. "Ni uzoefu, kijana wangu."

Wakapiga makofi. Zaina alipiga pamoja nao.

Sasa mnajua. Wazo lilikuwa la Zaina, la siku na la chumba, yote mawili, na nimechelewa kulisema hadi sina tena kikao cha kulisemea.

Jioni ile nilimsindikiza stendi. Nilingoja aniseme, nilikuwa nimeshaandaa majibu. Basi la Korogwe lilipowasha injini akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umeeleza vizuri, Mzee. Kuliko ningeeleza mimi. Sasa watakwenda kufanya kila wilaya."

Nilimtazama usoni. Nilitafuta uchungu, hata kidogo, hata ule wa kujificha nyuma ya tabasamu, maana mimi ni mtaalamu wa vitu hivyo. Sikuona. Alikuwa anafurahi. Akapanda, akapata kiti, akanipungia.

Na mimi nikabaki pale stendi, kidonda kimepona, sifa zimejaa mkoa mzima, nikimwonea wivu kwa hilo pia.